Lisbon: Jinsi ya kuchagua hoteli yenye haiba na historia

MSAFIRI anayekwenda Ulaya kwa siku tatu au nne hana muda wa kurekebisha uamuzi mbaya. Akikosea kuchagua mkahawa, atapoteza mlo mmoja. Akikosea kuchagua hoteli, huenda akapoteza safari nzima.

Kwa Mkenya ambaye ameweka akiba kwa miaka kadhaa ili kuizuru nchi moja ya bara hilo, kosa hilo ni ghali mno. Ndiyo maana suala la malazi linastahili kuzingatiwa mapema.

Hoteli hapa ni nyumba ya kulala wageni, wala si mkahawa wa chai na mandazi kama neno hilo linavyotumika katika miji mingi ya Kenya. Nayo hoteli yenye haiba ni ile ambayo mgeni akiamka asubuhi, kabla hajachungulia dirishani, anajua yumo katika mji gani.

Hoteli nyingi za kampuni kubwa za kimataifa hufanana kila mahali, kuanzia zulia hadi picha ukutani. Zina faida yake, kwani mgeni anajua atakachopata. Hata hivyo, aliyesafiri maelfu ya kilomita ili kuuona mji huenda asiridhike na chumba ambacho angekipata Nairobi.

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni mfano bora wa somo hili. Hoteli zake nyingi zimo ndani ya majengo ambayo hayakujengwa kuwa hoteli. Yapo yaliyokuwa nyumba za watawa, makasri ya matajiri, afisi za serikali na makazi ya wafanyabiashara.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mgeni anayetaka kuchagua vyema katika mji huo sharti aulize mambo matatu: jengo lilikuwa nini hapo awali, liko kwenye kilima kipi, na ni chumba gani hasa anachouziwa. Nyota zilizobandikwa mlangoni hazijibu hata moja kati ya maswali hayo.

MJI ULIOJENGWA UPYA

Ili kuelewa hoteli za Lisbon, ni vyema kufahamu kwanza jinsi mji wenyewe ulivyojengwa.

Waislamu kutoka Afrika Kaskazini waliutawala mji huo kuanzia karne ya nane hadi mwaka wa 1147, ulipotwaliwa na Mfalme Afonso Henriques. Alama zao zingalipo. Jina la mtaa wa Alfama linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi za maji moto, na lina asili moja na neno hamamu linalojulikana na wakazi wa Pwani. Vichochoro vyake vyembamba vinavyopinda vitamkumbusha msafiri Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa.

Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon ilikumbwa na tetemeko kubwa la ardhi. Mawimbi ya tsunami yalifuata, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya mji iliangamia pamoja na maelfu ya wakazi wake.

Kazi ya kuujenga upya ilisimamiwa na waziri wa mfalme aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal. Eneo tambarare la Baixa, lililo kati ya vilima na mto Tejo, lilichorwa kwa barabara zilizonyooka na majengo yanayolingana kwa kimo.

Ndani ya kuta za majengo hayo mlifichwa fremu za mbao zilizopishana kama msalaba. Wareno huita ujenzi huo gaiola, yaani tundu la ndege. Nia ilikuwa mbao ziyumbe bila kuvunjika endapo ardhi ingetikisika tena.

Tukio jingine lililobadilisha sura ya mji lilitokea mwaka wa 1834, wakati serikali ilipopiga marufuku mashirika ya watawa wa kiume na kutwaa mali yao. Nyumba zao ziligeuzwa kambi za jeshi, hospitali na afisi. Bunge la Ureno lenyewe limo katika jengo lililokuwa makao ya watawa Wabenedikto.

Kutokana na historia hiyo, hoteli zenye haiba jijini Lisbon zinaweza kugawanywa katika makundi makuu manne.

NYUMBA ZA WATAWA

Kundi la kwanza ni la hoteli zilizokuwa makao ya watawa. Mfano unaofahamika sana ni York House, iliyoko katika barabara ya Rua das Janelas Verdes, karibu na Makumbusho ya Kitaifa ya Sanaa ya Kale. Jengo hilo lilikuwa la watawa Wakarmeli katika karne ya 17.

Mgeni huacha kelele za barabarani, akapanda ngazi za mawe na kujikuta katika ua uliozungukwa na kuta na mimea. Utulivu huo ndio unaolipiwa.

Hata hivyo, anayechagua hoteli ya aina hii hana budi kukumbuka kwamba chumba cha mtawa kilijengwa kwa ajili ya sala na usingizi, si kwa anasa. Vyumba huweza kuwa vidogo, madirisha yakawa membamba na kuta zikawa nene kiasi cha kudhoofisha mawimbi ya intaneti. Aidha, ngazi ni nyingi.

MAKASRI YA MATAJIRI

Kundi la pili ni makasri. Ndani ya kuta za ngome ya São Jorge, kwenye kilele cha kilima, ipo hoteli ndogo ya Solar do Castelo. Ni nyumba ya kifahari ya karne ya 18 iliyojengwa mahali palipokuwa na majiko ya kasri la kifalme la zamani.

Kubwa zaidi ni Pestana Palace, iliyofunguliwa mwaka wa 2001 katika kasri la Valle Flôr, upande wa magharibi wa mji. Jengo hilo, lenye bustani pana na dari zilizonakshiwa, lilitambuliwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka wa 1997.

Usione vyaelea, vimeundwa. Aliyelijenga kasri hilo mwanzoni mwa karne ya 20, José Constantino Dias, Marquês de Valle Flôr, alipata utajiri wake kutokana na mashamba ya kakao katika kisiwa cha São Tomé, magharibi mwa Afrika.

Wakati huo utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku kisheria. Licha ya hayo, mashamba ya kisiwa hicho yalitegemea vibarua walioletwa kutoka Angola kwa mikataba ambayo wengi wao hawakuielewa, na wachache mno waliwahi kurudi kwao. Mwanahabari Mwingereza Henry Nevinson alifichua hali hiyo baada ya safari yake ya miaka ya 1904 na 1905. Mnamo 1909, kampuni ya Cadbury ya Uingereza ilitangaza kwamba haingenunua tena kakao ya São Tomé.

Habari hizi si sababu ya kulikwepa kasri hilo. Lakini mgeni kutoka Afrika anayeketi chini ya dari zake ana haki ya kujua pesa zilizolijenga zilitoka wapi. Haiba ya jengo la kale haitengani na deni lake. Hoteli inayowasimulia wageni upande mmoja tu wa historia yake imewapunja.

MAJENGO YA SERIKALI NA YA RELI

Kundi la tatu ni majengo ya umma. Mwaka wa 1942 serikali ya Ureno ilianza kufungua nyumba za wageni zinazoitwa pousada, ya kwanza ikiwa katika mji wa Elvas karibu na mpaka wa Uhispania. Kadiri miaka ilivyosonga, nyingi zilifunguliwa ndani ya ngome na nyumba za watawa katika sehemu mbalimbali za nchi. Tangu mwaka wa 2003 zimekuwa chini ya usimamizi wa kampuni ya Pestana.

Ile ya jijini, Pousada de Lisboa, ilifunguliwa mwaka wa 2015 katika uwanja wa Praça do Comércio, ndani ya jengo lililokuwa afisi za wizara. Uwanja huo unatazamana na mto Tejo, na ndipo kasri la wafalme lilipokuwa kabla ya tetemeko la 1755.

Katika kundi hili pia imo Avenida Palace, iliyofunguliwa mwaka wa 1892 kandokando ya stesheni ya garimoshi ya Rossio. Majengo yote mawili yalibuniwa na msanifu mmoja, José Luís Monteiro. Palikuwa na mlango uliounganisha hoteli na stesheni moja kwa moja. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Ureno haikuegemea upande wowote, na Lisbon ilijaa wakimbizi na majasusi wa pande zote.

Faida ya hoteli za aina hii ni kwamba ziko mahali tambarare, karibu na usafiri. Vyumba vyao aghalabu ni vipana na lifti zipo. Kasoro yao ni bei.

NYUMBA NDOGO ZA WAGENI

Kundi la nne ndilo linalowafaa wasafiri wengi wenye mfuko wa wastani. Ni nyumba ndogo za wageni zilizo katika ghorofa za juu za majengo ya Baixa, Chiado na mitaa jirani. Huenda ghorofa ya chini ikawa duka la viatu au la samaki wa kopo, hoteli ikachukua ghorofa ya tatu peke yake.

Hapa haiba haitokani na dhahabu, bali na sakafu za mbao zinazolia zikikanyagwa, roshani za chuma na vigae vya rangi ya buluu na nyeupe viitwavyo azulejo. Jina hilo pia lina asili ya Kiarabu. Anayetaka kujua historia ya vigae hivyo anaweza kuzuru makumbusho yake maalum, yaliyo katika nyumba ya watawa ya Madre de Deus iliyoasisiwa mwaka wa 1509.

Katika nyumba hizi mwenye hoteli mara nyingi ndiye anayempokea mgeni na kumwelekeza mkahawa wa karibu. Kwa upande mwingine, mapokezi huenda yakafungwa usiku. Anayewasili kwa ndege ya usiku wa manane sharti apange mapema jinsi atakavyopata ufunguo.

KILIMA KIPI?

Husemwa kwamba Lisbon imejengwa juu ya vilima saba. Kwenye ramani, hoteli mbili zinaweza kuonekana zimetengana kwa mita 300, ilhali kati yake mna ngazi mia mbili. Mtaa ni muhimu kuliko umbali.

Baixa ni tambarare, na huwafaa wazee, wazazi wenye watoto wadogo na wenye mizigo mizito. Hata hivyo, jioni maduka yakishafungwa baadhi ya barabara zake hupooza.

Alfama ndio mtaa unaotamaniwa na wengi kwa sababu sehemu yake kubwa ilinusurika tetemeko. Ndiko muziki wa fado, uliotambuliwa na Unesco mwaka wa 2011 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, unakosikika usiku. Lakini magari hayafiki katika vichochoro vyake vingi, na mgeni huburuta sanduku lake juu ya mawe. Usiku wa Juni 12 kuamkia Juni 13, wakati wa sherehe za Santo António, mtaa mzima huchoma dagaa wakubwa na kucheza hadi alfajiri. Anayependa shamrashamra atafurahi, ilhali anayetaka usingizi alale kwingineko.

Chiado ni mtaa wa maduka ya vitabu na mikahawa, ikiwemo A Brasileira iliyofunguliwa mwaka wa 1905. Sehemu yake iliteketea Agosti 25, 1988, na ukarabati ukaongozwa na msanifu Álvaro Siza Vieira. Mtaa huu uko karibu na kila kitu na una metro yake.

Bairro Alto, ulio juu ya Chiado, ulianza kupimwa viwanja mwaka wa 1513. Mchana umelala, usiku una baa na vijana barabarani. Chumba kinachotazama barabara hapa ni adhabu kwa anayelala mapema.

Madragoa na Lapa, upande wa magharibi, ni mitaa ya utulivu. Mwishoni mwa karne ya 16 sehemu ya eneo hilo iliitwa Mocambo na ilikaliwa na Waafrika wengi, watumwa na walio huru. Si mbali na hapo pana barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, yaani barabara ya shimo la Weusi. Jina hilo linakumbusha amri ya Mfalme Manuel ya mwaka wa 1515 iliyotaka lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa waliokuwa wakiachwa bila kuzikwa.

Karibu na hoteli za Rossio nako kuna uwanja wa Largo de São Domingos, ambapo Waafrika, hasa kutoka Guinea-Bissau, hukutana hadi leo kusalimiana na kuuza bidhaa za nyumbani. Mgeni kutoka Kenya atapata hapo Lisbon isiyoandikwa sana katika vijitabu vya hoteli.

Kuhusu kupanda vilima, tahadhari inahitajika. Zamani wageni wa Bairro Alto walitegemea gari la reli la kukwea kilima liitwalo Glória, lililoanza kazi mwaka wa 1885. Septemba 3, 2025, gari hilo liliacha njia na kuua watu 16, na magari mengine ya aina hiyo yakasimamishwa ili yakaguliwe. Kabla ya kuchagua hoteli kwa kutegemea usafiri wa aina hiyo, ni vyema kuuliza kama unafanya kazi.

Tramu maarufu nambari 28, inayopita Alfama na Chiado, nayo hujaa watalii kupita kiasi. Haifai kwa mtu mwenye sanduku, na wezi wa mifukoni huipenda.

MASWALI YA KUULIZA

Nyota za hoteli nchini Ureno, kuanzia moja hadi tano, hutolewa kwa kuzingatia vifaa na huduma. Hazipimi ukimya, mwanga, mandhari wala ukarimu. Hoteli ya nyota tatu iliyotunzwa vyema inaweza kumfaa mgeni kuliko ya nyota tano iliyo pembezoni mwa barabara kuu.

Kabla ya kulipa, msafiri anashauriwa kuiandikia hoteli na kuuliza mambo yafuatayo:

• Je, kuna lifti, na inaanzia wapi? Katika majengo ya kale, lifti iliongezwa baadaye. Huenda ikawa ndogo ya watu wawili, au ikaanzia juu ya ngazi za kwanza.

• Dirisha linatazama wapi? Baadhi ya vyumba hutazama kishimo cha hewa katikati ya jengo. Ni vya bei nafuu na kimya, lakini havioni jua. Vile vinavyotazama mto hulipiwa zaidi.

• Je, kuna mfumo wa kupasha joto? Wengi hudhani Ureno ni nchi ya joto mwaka mzima. Kati ya Desemba na Februari usiku huwa wa baridi na mvua hunyesha, na nyumba za mawe zisizopashwa joto humtesa mtu aliyezoea Mombasa au Kisumu. Kiangazi nacho kina siku za joto kali, hivyo kiyoyozi si anasa.

• Bafu liko ndani ya chumba? Katika baadhi ya nyumba za bei ya chini, bafu hutumiwa na vyumba kadhaa.

• Kiamshakinywa kimejumuishwa katika bei? Waislamu wasiokula nguruwe waulize mapema, kwani nyama hiyo ni ya kawaida mezani huko. Mikahawa ya vyakula halali inapatikana katika eneo la Martim Moniz, na Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka wa 1985, uko karibu na Praça de Espanha.

• Je, picha zinazoonyeshwa ni za chumba hicho hasa? Hoteli hupenda kuonyesha chumba chake bora kuliko vyote.

Majibu yenyewe ni kipimo. Hoteli inayojibu kwa ukweli kwamba chumba fulani ni kidogo au kina kelele ni ya kuaminika zaidi kuliko inayosifu kila kitu.

GHARAMA NA VIZA

Bei za vyumba hupanda kuanzia Mei hadi Septemba, na pia wakati wa mikutano mikubwa. Kongamano la teknolojia la Web Summit, linaloandaliwa Lisbon tangu 2016, hujaza vyumba katika siku zake za Novemba. Anayetafuta nafuu aangalie Januari, Februari na mapema Machi, lakini abebe mwavuli na viatu visivyoteleza. Barabara za waendao kwa miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa ambavyo huteleza vikilowa.

Mbali na bei ya chumba, kuna kodi ya jiji. Tangu Septemba 2024 kila mgeni mwenye umri wa miaka 13 na zaidi hutozwa euro nne kwa usiku, kwa muda usiozidi siku saba. Wanandoa wanaolala kwa siku tatu, kwa mfano, watalipa euro 24 zaidi. Mara nyingi fedha hizi hulipwa hotelini wala hazimo katika bei iliyotangazwa kwenye intaneti.

Kwa Wakenya, jambo kubwa zaidi ni viza. Ureno ni mojawapo ya nchi za Schengen, na mwombaji hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala, tiketi au mpango wa safari, uwezo wa kifedha na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada ya viza kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ombi likikataliwa.

Kwa sababu hiyo, ni busara kuchagua chumba kinachoweza kughairiwa bila malipo hadi siku chache kabla ya kuwasili. Chumba kisichorudishiwa pesa huwa cha bei ya chini, na hapo ndipo wengi hunaswa. Viza ikikosekana, akiba ya mwaka mzima hupotea. Rahisi huvunja upishi.

Ombi la viza linaweza kuwasilishwa miezi sita kabla ya safari, na halifai kuchelewa hadi siku 15 za mwisho. Hoteli isibadilishwe ovyo baada ya kuombea viza. Ikibadilishwa, mgeni abebe stakabadhi mpya ili aweze kuzionyesha kwa maafisa wa mpakani.

Kutoka uwanja wa ndege, metro ya njia nyekundu, iliyofikishwa hapo mwaka wa 2012, humfikisha mgeni katikati mwa jiji kwa takriban nusu saa, akibadilisha njia. Metro hufungwa saa saba usiku. Vilevile, soketi za umeme za huko ni za pini mbili za mviringo, hivyo adapta ni muhimu.

HAKI ZA MGENI NA ZA MWENYEJI

Si kila nyumba inayotangazwa kwenye intaneti ni hoteli. Zipo nyumba na fleti za kukodi kwa siku, ambazo sheria ya Ureno ya 2014 inaziita Alojamento Local. Kila moja hutakiwa kusajiliwa na kuwa na nambari. Tangazo lisilo na nambari hiyo ni la kutiliwa shaka.

Suala hili lina uzito mwingine. Katika Alfama, Mouraria na Bairro Alto, fleti nyingi zilizokuwa za familia zimegeuzwa kuwa za watalii, kodi za nyumba zikapanda na wazee waliozaliwa humo wakahama. Novemba 2018, jiji lilisimamisha usajili mpya wa nyumba za aina hiyo katika baadhi ya mitaa ya kale.

Jambo hili linamgusa moja kwa moja anayetafuta haiba. Mtaa hupendeza kwa sababu ya mama anayeanika nguo kwenye roshani, fundi viatu na duka la mboga. Wakiondoka, hubaki kuta tu. Mgeni anayelala katika hoteli iliyosajiliwa, au katika jengo la kale ambalo halikuwa makazi, hachangii sana kuwafukuza wenyeji aliokuja kuwaona.

Mgeni naye analindwa. Kila hoteli nchini humo hulazimika kuwa na kitabu cha malalamiko, kiitwacho Livro de Reclamações, na kumkabidhi mteja anayekiomba. Malalamiko yaliyoandikwa humo hufikishwa kwa mamlaka husika. Mara nyingi kule kukiomba tu kunatosha kumaliza ubishi kuhusu chumba ambacho si kile kilicholipiwa.

Lugha nayo haitakuwa ngeni kabisa. Wareno walitua Malindi mwaka wa 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa mwaka wa 1593 na wakafurushwa humo mwaka wa 1698, lakini maneno yao yalibaki. Mgeni atakapoketi kwenye mesa, akaletewa kinywaji ndani ya copo na kuona bandeira ikipepea juu ya mlango, hatahitaji mkalimani.

Kwa muhtasari, utaratibu unaofaa ni huu: kwanza chagua mtaa kulingana na miguu na usingizi wako, kisha jengo kulingana na historia inayokuvutia, halafu chumba kulingana na majibu ya barua. Bei ilinganishwe mwishoni, miongoni mwa hoteli mbili au tatu zilizopita mitihani hiyo mitatu. Ukiwa na siku tatu tu, usiku wa kwanza ukiharibika, theluthi moja ya safari imekwenda.